Trekta la Marehemu Linavuta Kushoto

Jumatatu, 21 Oktoba

Ukungu tangu alfajiri. Maharage yamekwisha kung'olewa, bonde lote la Talas limebaki upara. Siku njema ya kuanza utajiri wangu.

Nimekwenda kulima shamba la mama mkwe wangu, Mama Sayrakan, kwa trekta la marehemu mumewe, Mzee Borubai. Sikufika mbali. Trekta linavuta kushoto! Na si kidogo. Nikilirudisha kulia, usukani ni mzito kama kumburuta fahali kisimani. Nikilegeza mikono, linageuka lenyewe kushoto, taratibu, kwa adabu, kama mtu aliyeitwa. Na kushoto kwa shamba lile hakuna kitu ila kilima cha makaburi. Vijumba vya udongo vya wafu vilikuwa vinachungulia kwenye ukungu.

Tena linaguna. Kila nikikata kona: mmmh. Mzee Borubai alikuwa akiguna hivyo hivyo kabla ya kukataa jambo. Mimi alinikataa mara nyingi. Naijua sauti ile.

Mambo yalivyo: Mzee alikufa kiangazi hiki. Mwanawe wa pekee, Umotaly, ndugu wa mke wangu Burulcha, alikuwa Moscow kwenye kazi za ujenzi, akafika baada ya maziko. Sasa anadhani trekta ni lake kwa sababu tu yeye ni mtoto wa kiume. Hoja dhaifu! Miaka yote aliyokuwa huko nani alilipanda? Mimi. Mama amekata shauri mbele ya shehe wa kijiji: atakayelinyoosha trekta na kulilima shamba lake kabla ardhi haijaganda, huyo ndiye mwenye trekta. Ardhi ikituwahi, mwakani hakuna maharage, tutakula visingizio.

Umotaly alisimama kando ya mfereji wa maji akitazama mistari yangu iliyopinda kama mkia wa mbwa. Akauliza kama shemeji analima au anaandika jina lake. Nimecheka kwa heshima. Atanitambua.

Alhamisi, 24 Oktoba

Nimempigia simu Jekshen, fundi wa mjini. Nimemwambia nauliza kwa niaba ya rafiki. Akasema huyo rafiki aanze na oili. Usukani wa trekta lile unasaidiwa na oili inayosukumwa na pampu. Oili ikipungua pampu inameza hewa, hewa inafanya povu, na pampu inaguna kama mgonjwa. Halafu rafiki atazame mkanda unaozungusha pampu, kama umelegea, na matairi ya mbele, kama yana upepo sawa. Nikauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama inawezekana kuwa ni pepo. Akasema pepo anamjua mmoja tu, anaitwa uvivu wa kufungua kifuniko.

Nimefungua kifuniko. Tangi karibu limekauka, chini kuna povu la kijivu. Mkanda mzima. Tairi la kushoto limelegea kidogo, nimelijaza. Nimefurahi sana. Mimi ni fundi wa kuzaliwa.

Oili yenyewe inauzwa mjini. Lakini nikienda mjini Umotaly ataniona, atajua kuna kitu. Burulcha ana dumu la mafuta ya alizeti jikoni. Nikafikiri: oili ni utelezi, na alizeti nayo inateleza. Nimelimimina lote.

Matokeo. Trekta limeguna zaidi, sasa kwa sauti nene, yenye makohozi. Na mpira mmoja wa oili una ufa. Ukawa unadondosha mafuta juu ya bomba la moshi lenye moto. Chaaa! Harufu ya maandazi ikajaa uwanja mzima.

Leo ni Alhamisi! Siku ambayo wanawake wetu wote hukaanga boorsok, maandazi yetu madogo, ili harufu iwafikie marehemu. Harufu ndiyo sahani yao. Kila jiko kijijini lilikuwa linakaanga, na trekta langu nalo likawa linakaanga, isipokuwa halikuwa na unga.

Mbwa alijificha chini ya mkokoteni akaanza kulia. Burulcha akatoka jikoni na unga mikononi, akasimama kizingitini. Akasema, Baba anakohoa. Nikasema ni pampu. Akasema kama ni pampu, mbona inakohoa kama Baba?

Kisha ukungu wa jioni ukafunguka na Mama Sayrakan akaingia, kilemba cheupe kichwani, akiifuata ile harufu kama mtu anayefuata kamba. Hakunisalimia. Akaweka kiganja juu ya boneti.

"Umekuja kula, mzee?"

Mmmh, likajibu trekta.

Nywele zimenisimama. Papo hapo nikapata wazo. Nywele na wazo kwa wakati mmoja! Inauma.

Ijumaa, 25 Oktoba

Asubuhi nilikuwa peke yangu uwanjani. Injini inanguruma polepole. Mimi nimekaa kwenye ukuta, bakuli la chai mkononi, nalitazama.

Usukani ukazunguka.

Hakuna mtu kwenye kiti. Trekta hili halina hata kibanda, kila kitu kiko wazi. Ulizunguka kushoto taratibu, kama mzee anayetafuta jinsi ya kukaa vizuri. Ukafika mwisho. Ukatulia hapo, unatetemeka.

Nilijikuta chini ya mkokoteni pamoja na mbwa. Chai nilikuwa nimeivaa.

Nikampigia Jekshen nikiwa huko huko chini. Alicheka mpaka akakohoa. Akaniambia ndani ya valvu ya usukani kuna kijiti cha chuma kinachoteleza. Usiposhika usukani, kijiti hukaa katikati. Kipande cha uchafu kikikikwamisha upande mmoja, oili inapita upande huo huo tu, na magurudumu yanageuka bila dereva. Fungua valvu, ioshe, weka oili safi, mambo kwisha. Akanipa salamu nimfikishie rafiki yangu.

Kumbe! Mzimu wote ni kipande cha uchafu! Nimetoka chini ya mkokoteni shujaa. Mbwa hakutoka.

Mjinga angeitengeneza valvu leo leo. Mimi nimemwita Umotaly. Mpango: aone baba yake anavyoendesha, akimbie, asilidai tena trekta. Kisha nioshe valvu, nilime, niwe mwenye mali.

Amekuja. Nimewasha injini, nimerudi nyuma, nimetengeneza uso wa huzuni. Usukani ukaanza. Umotaly akawa mweupe kama jibini. Nikasubiri akimbie.

Akavua kofia.

"Assalaam alaikum, Baba," akasema. "Nilichelewa. Ndege haikupatikana."

Mmmh.

"Najua. Najua ulikuwa unanisubiri."

Mwanamume mzima, mabega kama mlango, akaweka paji la uso kwenye tairi chafu akalia. Nilitazama pembeni. Nikatazama kuku. Hakuna mtu anayenifikiria mimi katika mambo haya! Nimeandaa mzimu wa kumtisha adui na adui ameukumbatia.

Jumapili, 27 Oktoba

Umotaly haondoki. Anafika kabla ya jua na birika lake la chai. Anakaa kwenye bawa la tairi na kuongea na baba yake. Ameliosha trekta. Amelipaka grisi sehemu ambazo mimi sikujua zipo. Sipati nafasi ya kusogeza hata spana.

Leo nimejificha nyuma ya nyasi kavu nisikilize kama ananisengenya. Hakunitaja. Alikuwa anasimulia Moscow: baridi ya kwenye ghorofa ambazo hazina madirisha, simu iliyopigwa akiwa juu ya jukwaa, jinsi alivyomaliza kubeba mifuko ya saruji kwa sababu hakujua afanye nini kingine. Akinyamaza, trekta linaguna. Akisema, linanyamaza. Nimesikiliza kwa muda mrefu na halikukosea hata mara moja. Pampu yenye hewa inapaswa kuguna ovyo.

Nimeacha kupita upande ule wa nyumba.

Mchana Mama Sayrakan ametuita sote, na shehe. Akasema mumewe bado yuko njiani na ana neno lake. Alhamisi, siku ya marehemu, trekta litawashwa penye njia panda karibu na mfereji, litiwe gia ya kwanza, na mtu asiguse usukani. Litakapoelekea, hapo ndipo Mzee alipochagua. Shehe akakuna ndevu akasema kitabuni hajaliona jambo hilo. Mama akamjibu kwamba kitabuni hajaliona trekta pia.

Nilifurahi mpaka nilipofikiri. Ukisimama penye njia panda ukitazama kilima, kulia ni lango langu. Kushoto ni la Mama na Umotaly. Trekta linavuta kushoto! Mzimu wangu mwenyewe utampa Umotaly trekta!

Nimemweleza Jekshen jambo hili kwa mafumbo. Akasema rafiki yangu ana maisha magumu. Kisha, kwa mzaha, akasema njia ya mkato ya kulifanya livute kulia ni kubadilishana ile mipira miwili ya oili inayoingia kwenye silinda ya usukani. Wa kushoto kulia, wa kulia kushoto. Akasema nisifanye hivyo kamwe, kwa sababu dereva akikata kulia litakwenda kushoto, na ataua watu.

Lakini siku hiyo hakutakuwa na dereva!

Jumanne, 29 Oktoba

Nimekomea mlango. Sasa naandika.

Umotaly amekwenda kuchota makaa ya mawe. Ukungu mzito, kuku anatembea huoni miguu yake. Nikapata nafasi. Kwanza nilivua mkanda wa pampu, ili hata injini ikiwashwa kwa bahati mbaya pampu isizunguke na kunimwagia mafuta usoni. Kisha nikafungua mipira miwili. Mafuta ya alizeti yakanimwagikia usoni vile vile. Nikabadilisha, nikakaza nati. Kazi safi.

Nilikuwa nimesimama mbele ya trekta, mkanda mkononi. Injini imezimwa. Nasema tena: imezimwa. Kimya kabisa, hata kunguru wa kwenye miti ya mipoplari walikuwa wamenyamaza.

Nikasikia changarawe zinasagika.

Magurudumu ya mbele yalikuwa yanageuka. Juu yake usukani ulikuwa unazunguka, kushoto, upande wa kilima. Bila injini. Bila pampu. Mkanda nilikuwa nao mimi! Ukafika nusu ukasimama, kama mtu aliyegundua kwamba anatazamwa.

Nikasema, "Mzee, ni mimi tu, Kalmurat."

Katika maneno yote ya duniani, nikachagua kujitaja jina!

Usukani ukaendelea. Taratibu. Mpaka mwisho.

Nimekaa kwenye banda la kuku mpaka Burulcha aliporudi kutoka kwa mama yake. Akauliza nafanya nini humo. Nikasema natafuta mayai. Akasema mbona nimeyakalia.

Baadaye nimerudisha mkanda, macho yamefumbwa. Nimewasha injini. Sasa linavuta kulia. Mpango unaendelea. Bila shaka kuna maelezo. Chuma hupoa, chuma husinyaa. Kesho nitaamini.

Alhamisi, 31 Oktoba

Kijiji kizima kilikuja. Ukungu ulikuwa umelala kwenye mfereji kama maziwa kwenye bakuli, na harufu ya boorsok kutoka kila nyumba. Nilikuwa nimelifungua lango langu wazi. Nilikuwa nimefagia.

Umotaly aliwasha, akatia gia ya kwanza, akaachia klachi, akaruka chini. Akatembea kando yake, mkono karibu na waya wa kuzimia injini, ajali isije ikatokea.

Trekta likaanza. Likageuka kulia! Polepole, pua yake ikatazama lango langu. Nikasikia watu wanavuta pumzi. Umotaly aliinamisha kichwa, akasema kwa sauti ndogo, "Sawa, Baba. Kama ndivyo." Mimi nilikuwa nimeanza kutengeneza uso wa unyenyekevu.

Usukani ukarudi katikati.

Wote tuliuona. Ulirudi, ukasimama sawasawa, na trekta likanyooka. Tangu Mzee afe halijanyooka hivyo. Likapita lango langu. Likapita lango la Mama na Umotaly. Likapanda daraja la mbao la mfereji, likakaa katikati ya mbao kama lina macho, likashika njia ya kilimani.

Sote tulilifuata, kwa mwendo wake, wanaume mbele, wanawake nyuma, na hapo ndipo nilipotambua kwamba tulikuwa tunatembea kama msafara wa maziko. Hata kuguna lilikuwa limeacha. Nilimwambia Umotaly alizime. Nilimwambia mara nyingi. Akasema, "Lizime wewe, shemeji." Mkono wangu haukunyanyuka.

Penye mtaro wa makaburi wanawake walisimama, kwa kuwa kwa desturi wao hawaingii. Mama Sayrakan hakusimama.

Trekta liliingia kati ya vijumba vya udongo, likapinda kwa ulaini, likafika penye kaburi la Mzee Borubai. Udongo bado mpya. Kando yake kuna nafasi tupu, imezungushiwa mawe. Kila mtu anajua ni ya nani. Gurudumu la mbele likagusa mawe yale. Injini ikafa.

Kimya. Kunguru mmoja. Kisha hata yeye akakoma.

Mama alisimama kwenye ukingo wa ile nafasi yake. Aliitazama kwa muda. Kisha akalitazama trekta kama mke anavyomtazama mume aliyeuliza swali mbele za watu.

"Bado, mzee," akasema. "Nina shamba la kulima."

Akaikabidhi fimbo yake kwa shehe. Akapandisha pindo la gauni, akakanyaga ngazi, akaketi kwenye kiti. Nilikuwa nimesahau kwamba ujanani aliendesha trekta kwenye shamba la ushirika, wakati wa Wasovieti. Watu husahau mengi kuhusu mama wakwe. Akawasha, injini ikashika mara moja. Akarudi nyuma, akakata kulia atoke.

Trekta likaenda kushoto. Likabomoa ua wa marehemu mmoja wa ukoo mwingine.

Akabana breki. Akajaribu tena kidogo: kulia likaenda kushoto, kushoto likaenda kulia. Kisha akauliza, kwa utulivu ambao sijawahi kuupenda:

"Nani amebadilisha mipira?"

Umotaly alinitazama. Shehe alinitazama. Wanawake wote ng'ambo ya mtaro walinitazama, Burulcha akiwa wa kwanza.

Nikasema labda ni Mzee.

Jumamosi, 2 Novemba

Nimejenga upya ua wa marehemu yule jana. Shehe alinisimamia.

Leo tumelitengeneza trekta. Mama amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, chai mkononi, anaamuru. Tulianza kwa kumwaga kile kilichokuwa ndani. Kilitoka cha njano, chenye povu, kinanukia sherehe. Mama akanusa. "Alizeti," akasema. Burulcha akasema, "Dumu langu!" Nikaenda kuchota maji, ingawa hakuna aliyeyataka.

Umotaly aliifungua valvu. Kijiti cha ndani kilikuwa kimekwama, na pembeni yake kulikuwa na kipande cha chuma, kidogo kama ncha ya ukucha. Kwa hiyo Jekshen alisema kweli! Nikawatangazia wote kwamba nilijua tangu Ijumaa. Kisha nikaona kwamba sikupaswa kusema hivyo.

"Ulijua?" Umotaly akauliza. "Siku ile nilipolia, ulijua?"

Nikamwambia nilikuwa na mashaka. Alinyanyua spana. Akaitazama. Akairudisha chini na kuendelea na kazi, na nadhani ningependelea anipige.

Tumerudisha mipira mahali pake, badala ya ule wenye ufa tumeweka mpya, tumetia oili ya usukani, ile yenyewe, kutoka mjini. Kisha jeki chini ya ekseli ya mbele, magurudumu hewani, na Umotaly akawa anazungusha usukani mpaka mwisho wa huku, mpaka mwisho wa kule, ili hewa itoke. Mimi nilipewa kazi ya kutazama mapovu ndani ya tangi. Yalipanda makubwa, kisha madogo, kisha machache. Mguno ulikuwa unapungua. Burulcha alikuja kusimama mlangoni, akasikiliza.

Umotaly akauliza, kama anatania, kama hatuwezi kuacha hewa kidogo humo ndani.

Mama akasema, "Zungusha, mwanangu."

Akazungusha. Povu la mwisho likapasuka. Sasa usukani unageuka kwa kidole kimoja na trekta liko kimya. Burulcha akaingia ndani akafunga mlango taratibu.

Hukumu: trekta ni la Mama, na wala halijawahi kuwa la mtu mwingine. Umotaly ataliendesha. Mimi nitatembea nyuma ya jembe nikiokota mawe.

Nilibaki na Mama peke yetu nikamweleza kuhusu Jumanne, mkanda mkononi, injini imezimwa. Nilitaka aseme mimi ni mwongo. Aliuliza tu, liligeukia wapi? Nikasema kilimani. Akanywa chai. Akasema labda uwanja wangu una mteremko, magurudumu yalijitafutia pa kulala.

Uwanja wangu hauna mteremko. Niliusawazisha mwenyewe.

Jumanne, 5 Novemba

Theluji ya kwanza imeanguka. Shamba lilimalizika kulimwa jana. Mistari imenyooka mpaka inatia hasira. Mgongo wangu umekufa. Mawe ya bonde hili yana chuki binafsi na mimi.

Asubuhi nimepita kwa Mama. Trekta lipo uwanjani kwake, limefunikwa na theluji: boneti, kiti, matairi, yote meupe. Isipokuwa usukani. Usukani ni mkavu. Hakuna nyayo za mtu kando yake. Nimetazama kidogo, nikakumbuka kwamba nina shughuli kwingine.

Ni upepo. Upepo wa huku huja kwa mizunguko.

Habari njema! Mchana amekuja mgeni kutoka ng'ambo ya mlima, jina lake Sadyrbek, mtu wa heshima, mwenye kombaini ya kuvunia. Amesikia kwamba kijiji chetu kina mtu ambaye mashine za marehemu zinamtii. Kombaini yake ilikuwa ya marehemu kaka yake, na breki hazishiki. Mafundi wawili wameikimbia. Burulcha akamwambia anayemtafuta ni mama yake. Nikamshika mgeni mkono haraka, nikampeleka kando ya zizi.

Nimemweleza kwamba Mama ni mzee, hasafiri kwenye theluji, na kwamba mimi ndiye nilikuwa peke yangu na trekta siku zile mbaya kuliko zote. Hilo ni kweli! Akauliza kama nazijua breki. Nikasema breki na usukani ni mtu na mdogo wake. Akauliza, kwa sauti ya chini, kama siogopi. Nikacheka vile ambavyo Mzee Borubai hakuwahi kucheka.

Kombaini imekwama huko juu kabisa, penye kivuko cha mlima. Inatakiwa ishushwe mpaka kwake, bondeni, kwa ile barabara ya kona nyingi. Tumekubaliana, natoka kesho asubuhi. Burulcha anasema nimerogwa. Haoni mbali.

Sadyrbek alitaka nizitengeneze kwanza, ndipo tushuke. Watu wa kule wanapenda kupoteza wakati. Nimemwambia nitazitengeneza tukiwa njiani.